Ryzen 5 5600X na ndege za VR: ubadilishe prosesa?

Ndugu, una prosesa ya Ryzen 5 5600X, na unauliza kama Ryzen 7 5800X3D itaondoa kukwamakwama kwa picha unapotua viwanja vikubwa kwenye mchezo wa kurusha ndege kwa VR (miwani ya uhalisia pepe). Pima kwanza. Kwenye mchezo wa Microsoft Flight Simulator washa kihesabu cha fremu (idadi ya picha kwa sekunde), kimo kwenye menyu ya wasanidi, ukiwa na miwani ya VR. Kikiandika "Limited by MainThread", prosesa ndiyo inayochelewesha. Kikitaja GPU, hela iende kwenye kadi ya picha. Kabla ya kununua, shusha undani wa ardhi (Terrain Level of Detail) kutoka 200 hadi 100, maana mzigo huo hubebwa na prosesa.

Bado inakwama? Basi ichukue 5800X3D: kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 96 badala ya 32 za 5600X, na inaingia soketi ileile ya AM4. Sasisha BIOS (programu ya ubao mama inayowasha kompyuta) kabla hujaichomoa ya zamani, la sivyo kompyuta inaweza isiwake. Feni nunua kando, haiji nayo.