Shangazi, mume ananiita Bujumbura, eti huko hela ni nyingi kuliko Kigoma

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mdada wa miaka 27, nauza dagaa hapa mwalo wa Kibirizi. Mwezi ukininyookea nabaki na kama laki tatu na nusu, ila mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki, au ziwa likifungwa kwa uvuvi, ndo hivyo tena, nakula mtaji. Mume wangu ni Mrundi, fundi magari, kapata kazi gereji moja Bujumbura analipwa faranga laki sita kwa mwezi, anataka nifunge biashara nihamie na mtoto wetu wa miaka minne. Anasema faranga na shilingi ni kama sawa tu kwa hiyo ye anapata karibu mara mbili yangu. Bibi kagoma kabisa, anasema Burundi ni njaa tupu ndo maana wamejaa kambini huku kwetu. Nani mkweli hapo shangazi? Mama D., Kibirizi

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mawazo. Nianze na hiyo laki sita maana ndo imekuvuruga kichwa.

Mumeo hajakudanganya kwa makusudi, kwenye makaratasi ni kweli. Kwa bei ya benki mwaka 2025 dola moja ilikuwa faranga 2,900 na kitu, na huku kwetu dola imekuwa ikicheza kwenye shilingi 2,500 na kitu, kwa hiyo ukiangalia juujuu faranga na shilingi ni mtu na mdogo wake. Tatizo Burundi kuna bei mbili za dola. Ya benki, ambayo dola yenyewe huipati kirahisi, na ya mtaani ambayo inapita mara mbili ya hiyo, na mwenye duka anayeleta mchele, sabuni au vipuri kutoka nje anapanga bei kwa ile ya mtaani sio ya benki. Sasa piga hesabu kwa bei ya mtaani, laki sita ya mumeo ukiileta hapa soko la Mwanga haifiki laki tatu ya shilingi. Ina maana wewe mwenye kibanda Kibirizi mwezi ukikunyookea unamzidi fundi wa mjini, na yeye hajui, na wewe hujui!

Alafu kuna bei zenyewe kupanda. Kule 2023 na 2024 bei zimepanda kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, huku kwetu tumekaa kwenye asilimia tatu hivi. Mshahara wa gereji haupandi kila mara unga unapopanda, kwa hiyo laki sita ya Januari sio laki sita ya Desemba, muulize mumeo hilo atakubali mwenyewe.

Mi nimepita Manyovu, Mabanda, Nyanza Lac, Rumonge mpaka Bujumbura, barabara inashikana na ziwa upande wa kushoto muda mrefu ni pazuri mno. Ila kilichonikaa kichwani ni foleni ya mafuta pale mjini, magari yamepangana mpaka yamekunja kona, madereva wameshusha viti wamelala, mmoja ana sufuria ya chakula pembeni kaletewa na mkewe. Nikamuuliza upo hapa tangu lini akanionesha vidole viwili, siku mbili. Na gereji ya mumeo inategemea hayo magari yatembee, gari likilala foleni haliendi kwa fundi, naomba uliweke akilini maana huo mshahara unakaa juu ya mafuta ambayo hayapo.

Sasa nije kwa bibi, kwa heshima zote. Bibi amekosea sehemu moja kubwa. Warundi waliokuja kambi za Nduta na Nyarugusu wengi hawakukimbia njaa, walikimbia machafuko ya 2015, na kabla yao wa 1993, na kabla yao wa 1972 ambao wengi wao walikuja kupewa uraia wetu. Mtoto wa mumeo ni damu ya bibi huyohuyo, asimlee kwa maneno ya kudharau kwao. Na sisi Waha na Warundi tukiongea tunaelewana bila mkalimani, mpaka wa nchi umetukuta tumeshakaa.

Lakini kwenye hali ya maisha bibi hayuko mbali na ukweli. Umoja wa Mataifa tangu 1990 wanazipanga nchi kwa vitu vitatu, watu wanaishi miaka mingapi, wanasoma kiasi gani na wanapata kipato gani, na Burundi ipo kwenye zile kumi za mwisho duniani. Sisi tupo juu yao ingawa na sisi tupo chini, tusijidanganye. Umeme kule unamfikia kama mtu mmoja kati ya kumi, huku kwetu tunakaribia nusu. Mjini Bujumbura utaupata, ila kwa wakwe zako kijijini usitegemee.

Kitu ambacho watu hawakihesabu ni ardhi. Mkoa wetu huu wa Kigoma ukitoa maji una kilomita za mraba kama 37,000, Burundi nzima haifiki 28,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu sisi milioni 2.47, wao wanapita milioni 12. Wewe biashara ya dagaa ikifa leo unaenda Kasulu au Uvinza unakodi ekari mbili unapanda muhogo na maharage mwanao anakula. Kule shamba la baba linagawanywa kwa wana mpaka linabaki kipande cha kupanda migomba michache, na mumeo kama ana kaka zake watatu wanne ujue fungu lenu ni lipi. Kabla ya yote muulize hilo.

Na kule kuna mazuri. Tangu 2006 mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure na mama anajifungua bure, na tangu 2005 shule ya msingi haina ada. Ila wako ana miaka minne, hiyo ya hospitali inabaki mwaka mmoja tu. Na shule ataanza kwa Kirundi kisha Kifaransa kikaze, sio jambo baya lakini mkirudi Kigoma akiwa darasa la tano ataanza kujifunza upya.

Mimi ningekuwa wewe nisingefunga kibanda. Ziwa likifungwa tena kama 2024, ile miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ambayo hata hivyo unakaa bila kazi, nenda na mtoto ukaishi naye kama mke sio kama mgeni, uende sokoni mwenyewe na laki sita yake uone inafika tarehe ngapi. Kibanda mwachie mdogo wako au rafiki wa kuaminika ila jina libaki lako. Na mumeo naye mwambie mafundi wazuri wa magari hapa Kigoma wanatafutwa, malori mengine ya Kongo na Burundi yanapita hapahapa, kwa nini asije yeye? Hilo hujaniandikia kama mmeshawahi kuliongea. Liongeeni kabla hujauza hata ndoo moja ya biashara yako, kisha niandikie tena.