Joriwon ya Seoul: nenda, ila mpiganie mtoto wako anyonye

Mdogo wangu, hongera. Umeuliza kama wiki mbili za joriwon, kituo cha kumtunza mzazi na mtoto mchanga baada ya kujifungua, huko Seoul zitakufaa, maana mama amenyimwa viza na mama mkwe ni mgonjwa. Mimi nasema nenda.

Chakula unaletewa, na karibu kila mlo una miyeok-guk, supu ya mwani, mara nyingi yenye nyama ya ng'ombe. Inywe ikiwa moto. Kuna maji ya uvuguvugu ya kukalia, yanatuliza sana kama ulishonwa, na wa kukukanda matiti yakijaa. Vyumba vina joto, vile vile bibi zetu wanavyotaka wakati wa arobaini.

La kuangalia ni kunyonyesha. Mtoto hushinda chumba cha watoto na wauguzi, wewe unapigiwa simu chumbani akitaka ziwa. Usiku wanaweza kumpa maziwa ya kopo ili ulale, kwa nia njema kabisa. Kama hutaki, waambie siku ile ile unapoingia: nipigieni hata saa tisa usiku. Omba pia akae nawe chumbani kwa muda mrefu, kwani maziwa huongezeka kadiri anavyonyonya.

Wageni mara nyingi ni baba tu, kwa kuogopa maambukizi. Bima ya afya ya taifa hailipii joriwon, lakini kwa kuwa shemeji ni Mkorea, mtoto wenu wa kwanza akishasajiliwa mnapata vocha ya serikali ya won milioni 2, na inatumika huko. Weka nafasi sasa, usingoje tumbo likue.