Kabla hujafuta diski, niambie sauti imekwama wapi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku Tanga hatujambo, isipokuwa baba yako na lile goti lake. Barua yako niliisoma jana usiku na leo asubuhi nikairudia. Unasema umepandisha mfumo wa kompyuta yako mpakato, Ubuntu, kutoka toleo la 22.04 hadi 24.04, kwamba tangu ilipowaka upya spika zimenyamaza na maikrofoni haipokei kitu, na kwamba kwenye mipangilio ya sauti pameandikwa "Dummy Output" peke yake, hapana kingine cha kuchagua. Unauliza jambo moja: ufute kila kitu na kurudi 22.04, au ununue kadi ya sauti ya USB, ili Jumatatu uweze kuwafundisha wanafunzi wako mtandaoni.

Hilo nitalifikia. Kwanza ningependa kujua jambo ambalo hukulitaja, nalo ni mahali sauti ilipokwama. Umenisikia nikisema tangu ulipokuwa ukikaa chini ya meza yangu ya studio ukichezea nyaya: sauti haipotei, hukwama. Kazini tulipokuwa hewani na spika zikanyamaza, hakuna aliyekimbilia kubadilisha mitambo. Tulifuata njia kutoka kwenye maikrofoni hadi kwenye mtambo, hatua kwa hatua, mpaka tukafika pale ambapo upande mmoja una sauti na wa pili hauna. Kompyuta nayo ina njia yake. Chini kabisa iko chipu. Juu yake iko kerneli, yaani kiini cha mfumo, ambamo ALSA ndiyo inayozungumza na chipu hiyo. Juu ya kerneli iko seva ya sauti, inayopokea sauti kutoka kwenye programu zote na kuamua ipi iende wapi. Programu zenyewe, kivinjari chako na hiyo ya kufundishia, ziko juu kabisa, na hazijui lolote la huko chini.

Sasa tazama ulichokifanya ulipopandisha toleo. Kerneli iliyotoka na 22.04 ilikuwa 5.15, na iliyotoka na 24.04 ni 6.8, huenda yako ilikuwa imekwisha kusogezwa kidogo kwa masasisho, lakini imebadilika. Juu yake, seva ya sauti ya 22.04 ilikuwa PulseAudio, ambayo Ubuntu iliiweka kando kuanzia toleo la 22.10, Oktoba 2022, ikaweka PipeWire pamoja na msimamizi wake aitwaye WirePlumber. Kwa kuwa wewe uliruka kutoka toleo moja linalohudumiwa kwa muda mrefu hadi jingine la aina hiyo, ngazi mbili zilibadilishwa chini ya miguu yako kwa siku moja. Hayo maneno "Dummy Output" yanamaanisha kwamba seva ya sauti iko macho, imetafuta kadi ya kuipelekea sauti, haikuona hata moja, ikajitengenezea ya bandia ili programu zisigome. Basi swali ni moja: kadi haionekani kwa seva tu, au haionekani hata kwa kerneli?

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike aplay -l. Amri hiyo haipiti kwenye PipeWire, inaiuliza ALSA moja kwa moja. Ikikutajia kadi, kerneli ni nzima na tatizo liko juu. Ikikujibu kwamba hakuna kadi yoyote, tatizo liko chini. Kama unavyo visikilizio vya Bluetooth, viunganishe pia, kwa maana havitegemei chipu ya sauti ya mashine: vikilia, PipeWire haina kosa.

Nadhani utakuta liko chini, kwa sababu umesema maikrofoni nayo imekufa na mashine yako ni ya Intel ya miaka ya karibuni. Katika nyingi za aina hiyo, zenye maikrofoni ya kidijitali, chipu ya sauti haifanyi kazi mpaka kerneli iipakie programu yake ndogo, ile ya mradi wa Sound Open Firmware ambao Intel iliuanzisha mwaka 2018. Katika 24.04 mafaili hayo yamo kwenye kifurushi chake chenyewe, firmware-sof-signed, na upandishaji uliokatika katikati unaweza kukiacha nje. Andika sudo dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za kerneli, utafute mistari yenye herufi sof. Ukiona mstari unaosema kwamba faili fulani limeshindwa kupakiwa, na mwishoni pana -2, maana yake faili halipo. Sakinisha kifurushi hicho, kisha uzime mashine kabisa badala ya kuiwasha upya tu, uiwashe tena. Na kama bado umeiacha Windows kwenye diski hiyo hiyo, hakikisha nayo imezimwa kikamilifu, kwa sababu ule uwashaji wake wa haraka huweza kuiacha chipu katika hali ambayo mfumo wa pili hauielewi.

Lakini nikiandika "ufute kila kitu", mkono wangu unasita, na wewe unajua sababu.

Mwaka 2008, Ubuntu 8.04 ilipotoka, ndipo PulseAudio ilipoingia mara ya kwanza kama seva ya kawaida, na vurugu iliyoleta ilifanana na hii yako. Kabla yake mara nyingi kadi ya sauti ilikuwa kama bomba la mtaa: aliyetanguliza ndoo alichota, wengine wakangoja. PulseAudio ilikuja kuwapanga watu foleni, jambo jema kabisa, ila baadhi ya programu zilikuwa hazijajifunza foleni na zilikwenda bombani moja kwa moja, zikakuta pamekaliwa. Audacity, ile programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ilikuwa mojawapo, nayo ndiyo iliyokuwa mkate wangu katika kile chumba cha mbele, nilipokuwa nikihamishia kaseti za watu kwenye kompyuta. Nilipandisha toleo, nikaifungua, ikawa kimya.

Kwenye diski ile palikuwa na sauti ya bibi yako. Sehemu ya kwanza ilikuwa imekwisha kuchomwa kwenye CD, ndiyo hiyo mnayoisikiliza kila Idi. Sehemu ya pili, ile ya safari yake ya treni kutoka Korogwe akiwa bi harusi, ilikuwa bado kwenye diski peke yake, na kanda yenyewe ukungu wa pwani ulikuwa umekwisha kuila. Ilipita kwenye kichwa cha deki mara ile kwa rehema za Mungu tu. Shangazi yako alikuwa yuko njiani kutoka Mombasa, na baba yako, kwa nia njema ambayo sijaitilia shaka hata siku moja, alibeba mashine akaipeleka kwa fundi mjini nikiwa zamu. Ilirudi jioni. Fundi mwenyewe aliileta, akaichomeka, akaiwasha, na ule muziki wa Windows XP ukalia chumba kizima. "Mama, sauti yako hiyo hapo," akasema, na alikuwa na haki ya kufurahi, kwa maana sauti ilikuwapo kweli. Alikuwa amepiga fomati diski nzima.

Haukupita mwezi, kwenye mashine ya jirani yenye tatizo lile lile, niliandika pasuspender -- audacity, yaani niliiambia PulseAudio iiachie kadi mpaka Audacity imalize, na sauti ikatoka. Mstari mmoja. Mpaka leo nikikutana na neno hilo mahali popote, huacha ninachokisoma nikaondoka.

Utaniambia kwamba nimejipinga mwenyewe, kwamba nasema sauti haipotei ilhali ya bibi yako ilipotea. Nimelifikiri hilo mara nyingi. Sauti ya mashine haikupotea, ilikwama kwenye seva; iliyopotea ni ya mtu, na iliipoteza dawa, haikupotezwa na ugonjwa. Hata hivyo najua kwamba hapo najitetea kwa ujanja wa maneno. Na fundi yule je? Siku zile kupiga fomati ndiko kulikokuwa dawa ya kila kitu mjini, kuanzia virusi hadi printa. Aliambiwa arudishe sauti, akairudisha, na hakuna aliyemwambia kuna nini ndani. Pengine mafundi wote wa barabara ile wangefanya vivyo hivyo. Lakini fundi anayefuta kabla ya kuuliza, mimi bado, ah, niache. Kuhusu baba yako sisemi neno, ingawa ulimi unaniwasha, na anajua kwamba unaniwasha.

Nirudi kwako. Ikiwa aplay -l itakutajia kadi, kazi ni nyepesi zaidi. Andika pactl info, utazame jina la seva: linatakiwa kusema PulseAudio juu ya PipeWire. Likisema PulseAudio tupu, seva ya zamani haikuondoka na zinagombea kadi, nawe uiondoe ile ya zamani. Likiwa sawa, andika systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse, bila sudo, kwa sababu huduma hizo ni za mtumiaji, si za mfumo. Zikiwa bado zinagoma, folda ya .local/state/wireplumber ndiyo inayohifadhi chaguo zake. Ibadilishe jina, usiifute, kisha ziwashe tena huduma hizo. Na ikiwa kadi itatokea lakini spika zimebaki kimya, kumbuka ya dada yako na ile skrini aliyoiazima kazini: sauti yote ilikuwa ikipelekwa kwa waya wa HDMI kwenye skrini isiyo na spika, naye akashinda siku nzima akiwalaumu watu wa Ubuntu. Fungua pia alsamixer, ubonyeze F6 uchague kadi yenyewe, utazame kama chini ya safu yoyote pana MM. Hiyo imezibwa, na herufi M huizibua.

Ikiwa kadi haitajwi na kifurushi kimo, washa mashine ukiingia kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla mfumo haujawaka, uchague kerneli ya zamani iliyobaki humo, kama hujaisafisha. Sauti ikitoka kwa kerneli ya zamani, umeshika mwizi. Ipo pia njia ya kuilazimisha kerneli itumie draiva ya zamani, yaani programu inayoiendesha chipu, kwa kuandika options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1 katika faili ndani ya /etc/modprobe.d, ila njia hiyo hurudisha spika na kuiacha maikrofoni ya ndani bila kazi, na mwalimu asiyesikika hana faida na spika.

Kadi ya USB sikukatazi. Hutumia draiva ya kawaida ya USB isiyohitaji faili lolote la Intel, kwa hiyo Jumatatu ingekusitiri, maikrofoni na yote, wala si ghali. Inaniudhi tu kwa sababu ukishaipata hutatafuta tena.

Kuhusu kurudi 22.04, sitakuamulia. Marekebisho yake ya usalama yamepangwa kuendelea hadi mwaka 2027, na mtu akiniambia anaipendelea sina la kumjibu. Ila Ubuntu haina njia rasmi ya kushuka toleo. Kurudi ni kusakinisha upya, na kusakinisha upya kwa watu wengi ni kufuta. Ningekuwa mimi, ah, nimesema sitasema. Mashine ni yako na wanafunzi ni wako. Ukitaka kuamua kwa ushahidi, weka 22.04 kwenye flashi, uiwashe kutoka humo bila kusakinisha chochote, usikilize. Kisha chomeka flashi ya 24.04, usikilize vilevile. Ikiwa 24.04 ya flashi inalia, toleo halina hatia, ni upandishaji wako uliokatika mahali.

Nitumie majibu ya aplay -l na mistari yote ya dmesg yenye sof, kama ilivyo, usinifupishie. Na kabla ya hayo yote, leo hii, nakili zile rekodi ulizomfanyia baba yako mwezi wa Ramadhani kwenye diski ya nje, uichomoe, kisha uniandikie kwamba umeichomoa.

Mama yako