Nyongeza ya Mei Mosi na Mfanya Usafi wa Kampuni

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya usafi katika hospitali ya serikali, lakini mwajiri wangu ni kampuni iliyoshinda zabuni. Wodini nasukuma toroli moja na mama aliyeajiriwa na serikali miaka mingi iliyopita, kabla kazi hii haijapewa makampuni. Tunadeki sakafu ileile na kubeba taka zilezile. Mwezi Julai 2025 mshahara wake ulipanda, nami nimebaki na shilingi 210,000, ambazo mara mbili zimechelewa kwa maelezo kwamba hospitali haijailipa kampuni. Je, nyongeza ya Mei Mosi hainihusu? Na je, ninaweza kujiunga na TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya alichomo mwenzangu? — Msomaji (jina tunalo)

JIBU: Dada yetu, pole kwa kazi hiyo, ambayo bila yake hakuna daktari anayeweza kufanya upasuaji salama.

Nyongeza iliyotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei Mosi 2025 mjini Singida, iliyopandisha kima cha chini kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, iliwahusu watumishi wa umma. Wewe, ingawa unavaa sare ndani ya jengo la serikali, kisheria ni mfanyakazi wa sekta binafsi, na mshahara wako unaongozwa na amri ya kima cha chini cha mshahara ya sekta hiyo. Amri mpya ilianza kutumika Januari 2026, na huenda umesikia ikitajwa shilingi 358,322. Kiasi hicho ni wastani wa sekta zote, wala si haki ya kila mtu, kwa kuwa kila sekta ina kiwango chake. Nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa wako ukiwa na mkataba na hati ya mshahara, umwombe akuoneshe kiwango cha kazi yako, kwa sababu mwajiri haruhusiwi kulipa chini yake hata kama ulitia saini kukubali.

Tofauti yenu haiishii kwenye mshahara. Mwenzako anachangia asilimia 5 ya mshahara kwenye PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na mwajiri wake asilimia 15, ilhali wewe uko NSSF, mfuko wa sekta binafsi, ambako mwajiri anaruhusiwa kukukata hadi asilimia 10 naye akamalizia hadi itimie 20. Kwa hiyo mwenye shilingi 500,000 anakatwa 25,000, na wewe mwenye 210,000 unaweza kukatwa 21,000. Hesabu hiyo inaniuma kila ninapoirudia. Hakikisha basi kwamba hayo makato yanafika NSSF, usiridhike na kuyaona yameandikwa kwenye karatasi.

Mageuzi ya utumishi wa umma yaliyoanza miaka ya 1990 yaliitaka serikali ibaki na kazi za msingi, na usafi na ulinzi zikapelekwa kwa wazabuni. Zabuni hushindaniwa kwa bei. Sabuni, dawa na mafagio kila mzabuni huvinunua sokoni kwa bei zinazokaribiana, hivyo anayetaka kushusha bei yake hana pa kupunguza isipokuwa kwenye mishahara na idadi ya watu. Ndiyo maana naamini kwamba taasisi ya umma inayopokea bei ambayo haiwezi kulipa hata kima cha chini cha kisheria inashiriki kukudhulumu, hata kama jina lake halimo kwenye mkataba wako. Nyaraka za zabuni zingetaja mishahara ya wafanya usafi waziwazi, mzabuni asingepata nafasi ya kushindana kwa jasho lako.

Kuhusu chama, kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakupa haki ya kujiunga, na katiba ya chama ndiyo inayosema kinampokea nani. Uliza tawi la TUGHE hapo hospitalini, uulize pia TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, ambacho kinasajili pia wafanyakazi wa huduma. Lakini lililo kubwa kuliko kadi ni nani atakaa mezani na mwajiri wako. TUGHE inapozungumza na serikali juu ya maslahi ya watumishi, inafanya hivyo chini ya Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya 2003, na meza hiyo haifiki kwenye kampuni yako. Ili chama kidai mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, kwa niaba yenu, kifungu cha 67 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka kiwe na wanachama walio wengi miongoni mwenu, kwa hiyo kujiunga peke yako hakutoshi. Zungumza na wenzako wa zamu zote, wale wa usiku wakiwemo.

Ama kuchelewa kulipwa, deni la hospitali kwa kampuni si lako. Mshahara unadaiwa siku iliyokubaliwa, na mwajiri anayeshindwa unaweza kumpeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ukiachishwa kazi kwa sababu ya kudai, muda ni mfupi zaidi, siku 30 tu. Tunza nakala ya mkataba na kila hati ya mshahara nyumbani, si kwenye kabati la kazini.