Maswali ya Wasomaji: Pikapu ya Manyuali au ya Otomatiki?

Barua za hivi karibuni kutoka pande mbalimbali za Mombasa zimerudia suala moja kwa sura tofauti, nalo ni giaboksi ya pikapu ya kazi. Tunazijibu pamoja, tukianza na ile iliyogusa mambo mengi zaidi.

SWALI: Salaam, Bwana Mhariri. Mimi na mume wangu tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Bombolulu. Pikapu yetu ni Hilux ya manyuali iliyozeeka, na tunataka kuibadilisha. Hubeba saruji, mabati na mbao, mara nyingi kwenda kisiwani na Nyali, na mara mojamoja Kwale au Kaloleni. Tuna dereva, lakini mimi na mume wangu pia huishika. Klachi imebadilishwa tena mwaka huu, na mimi goti langu la kushoto linaniuma kila nikitoka mjini. Mume wangu hataki kusikia habari ya otomatiki: asema haiwezi mzigo, asema mafundi wake hawapatikani huku, na asema ikifa giaboksi ni sawa na kununua gari jingine. Ni nani kati yetu mwenye haki?

*Mama wa duka, Bombolulu*

JIBU: Mama, kwa matumizi uliyoyaeleza, nunueni otomatiki. Nitatoa sababu zangu, kisha nitampa mumeo haki yake, kwa kuwa katika hofu zake tatu moja ina ukweli mwingi.

Hofu ya mzigo ina asili yake. Otomatiki za zamani zilikuwa na gia tatu au nne tu, kwa hiyo gari lilipopanda mlima likiwa limebeba, injini ilinguruma bila kupata gia ya kuifaa, mafuta ya giaboksi yakachemka na dizeli ikateketea. Pikapu za leo zina gia sita, na Ford Ranger imefikia kumi. Itazameni Hilux yenyewe ya injini ya lita 2.8, baada ya kufanyiwa marekebisho mwaka 2020: ile ya otomatiki ilipewa nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 500, ilhali yenye gia za mkono ilibaki na 420. Injini ni ileile, na mtengenezaji ni yuleyule. Aliyeitengeneza asingeipa otomatiki nguvu zaidi kama angeamini kwamba haiwezi kuzibeba.

Siri iko mahali injini inapokutana na giaboksi. Katika otomatiki hakuna sahani ya klachi inayosuguliwa kila unapoondoka. Kuna kombe la chuma lililojaa mafuta, na ndani yake mna mapanga yanayoelekeana kama feni mbili: feni ya injini huyasukuma mafuta, nayo mafuta huizungusha feni ya pili. Gari linapoanza kuondoka, mpangilio huo huizidisha nguvu ya kuvuta hadi kukaribia maradufu, na hakuna kinacholika isipokuwa mafuta yenyewe kupata joto. Mwendo ukishashika, klachi ndogo iliyomo ndani hulifunga kombe lote lizunguke kwa pamoja, na ndiyo sababu tofauti ya ulaji wa mafuta baina ya otomatiki mpya na manyuali imekuwa ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa tuitazame klachi yenu. Kutoka Bombolulu hadi kisiwani hakuna budi kupita Daraja la Nyali, na saa za asubuhi foleni hiyo husogea hatua moja moja. Dereva wa manyuali ana njia mbili: ama asubiri nafasi ifunguke ndipo aondoke kwa gia ya kwanza na kuachia klachi yote, ama aendelee kubalansi, mguu ukiwa katikati ya kukanyaga na kuachia, ili asije akaingiliwa na matatu. Karibu wote huchagua ya pili. Sahani ya klachi hapo inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, bila kushika sawasawa, huku mgongoni pana mifuko ishirini ya saruji, yaani tani moja kamili. Ongezeni kwamba pikapu yenu inaendeshwa na watu watatu, kila mmoja na mguu wake, na pengine yupo ambaye mguu wa kushoto hauondoki juu ya pedali hata akiwa kwenye barabara tupu. Uzito wa mguu tu wachosha beringi ya klachi na kupunguza mshiko wa sahani. Klachi iliyotunzwa hupita kilomita 100,000 bila taabu; yenu haifiki huko, na mkibaki na manyuali bila kubadili uendeshaji, inayofuata haitafika pia. Gari linaloshikwa na watu wengi ndani ya mji wenye foleni ndilo hasa linalofaidika na otomatiki. Goti lako ni sababu nyingine, na usikubali liitwe deko.

Hofu ya mafundi ni ya miaka iliyopita. Magari mengi ya mitumba yanayoshushwa Kilindini kutoka Japani ni ya otomatiki, na yameshaujaza mji kiasi kwamba fundi wa Mombasa asiyeyajua atakosa kazi. Tahadhari moja: msimpe pikapu yenu fundi aliyezoea magari madogo ya CVT, yaani yenye giaboksi ya mkanda, akaitia mafuta yaleyale. Giaboksi ya pikapu kwa kawaida ni ya gia halisi, si ya mkanda, na kila mtengenezaji ana aina ya mafuta aliyoitaja kwenye kitabu cha gari. Kosa hilo huua giaboksi nzima.

Hapo ndipo tunapoifikia hofu ya tatu, na hapo mume wako yuko sahihi. Klachi ikiisha, unabadilisha sahani, kikandamizio na beringi, na gari linarudi kazini siku ya pili. Otomatiki ikiungua ndani, mara nyingi ni kuifungua yote au kutafuta nyingine ya mitumba, na bei yake haifanani hata kidogo na ya klachi. Kinachoiunguza ni joto, na Mombasa joto tunalo la kugawa. Mafuta ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa kwenye rejeta. Rejeta iliyoziba vumbi na chumvi ya pwani huyaacha yakiwa ya moto siku nzima. Kwa hiyo bajeti ya otomatiki iwe na mafuta yake, yabadilishwe kila baada ya kilomita 60,000 hivi kwa gari la mizigo, hata kama aliyewauzia atawaapia kwamba yale ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi.

Mkienda kutafuta ya mitumba, jueni kwamba Hilux iliporejeshwa kwenye soko la Japani mwaka 2017 ililetwa ya otomatiki tu, kwa hiyo inayotoka huko ndani ya ule ukomo wetu wa miaka minane wa umri wa magari ya mitumba haitakuwa na pedali ya tatu, ile ya klachi. Fikeni yadini asubuhi kabla gari halijawashwa, kwa sababu giaboksi mbovu hujificha ikishapata moto. Liwashwe likiwa baridi, mguu ukae kwenye breki, kisha gia itolewe P (ya kuegesha) iende R (ya kurudi nyuma), na baadaye D (ya kwenda mbele). Ikiwa itanyamaza kwa sekunde mbili au tatu ndipo ishike kwa kishindo, ondokeni. Kama ina kijiti cha kupimia mafuta, chomoeni na mfutie kwenye karatasi nyeupe: wekundu unaopitisha mwanga ni afya, ukahawia wenye harufu ya kuungua ni hasara, na rangi ya maziwa yaliyotiwa rozi maana yake maji ya rejeta yameshaingia ndani. Nyingine hazina kijiti. Hizo atazipima fundi kutoka chini, gari likiwa limeinuliwa.

SWALI: Mhariri, mimi ni mchukuzi wa ndizi na matunda, nakaa Likoni. Nimenunua pikapu ya otomatiki, nayo ni tamu mjini. Taabu ni mlima wa kutoka Kombani kwenda Kwale: nikiwa na mzigo inapanda gia, inashuka gia, inapanda tena, haitulii, na siku moja iliwaka taa ya mafuta ya giaboksi kwenye dashibodi. Nikishuka nayo, breki zanuka. Je, nimeuziwa gari bovu?

*Mchukuzi, Likoni*

JIBU: Yaelekea gari ni zima, ila unaliacha kwenye D mahali pasipofaa. Kompyuta ya giaboksi haiuoni mlima ulio mbele. Huhisi tu kwamba mwendo umepungua, ikashusha gia, kisha ikahisi injini imepata nafuu, ikapandisha. Kila mabadiliko hayo ni msuguano na joto. Kabla hujaanza kupanda, bonyeza kitufe cha O/D, kinachozuia gia ya juu kabisa, hadi dashibodi iandike OFF, au ikiwa pikapu yako ni mpya zaidi, isogeze gia kwenye S, ya kuchagua gia mwenyewe, na uchague ya tatu, uiache hapo mpaka kileleni. Injini itanguruma kidogo zaidi, usiionee huruma.

Taa hiyo ikiwaka tena, egesha pasipo hatari, tia P, na usizime injini. Wengi huzima, na hilo ni kosa, kwa sababu pampu inayoyapeleka mafuta kwenye rejeta huzungushwa na injini. Iache injini iwake taratibu bila kukanyaga mafuta mpaka taa izimike. Isipozimika, au ikirudi mara kwa mara, rejeta ipelekwe kusafishwa na mafuta yakaguliwe. Na kwa kazi yako mimi ningeongeza kipozeo cha pembeni mbele ya rejeta.

Kushuka ndiko kuliko na hatari kubwa. Mwenye manyuali alifundishwa tangu shule ya udereva kwamba mlima unashukwa kwa gia unayoupandia, lakini mwenye otomatiki huliachia gari lijiendee huku amekalia breki, hadi breki zipate moto na ziache kushika. Otomatiki nayo ina gia ya pili na L (ya chini kabisa), na zimewekwa hapo kwa kazi hiyo. Shuka Kwale kwa gia ya tatu au ya pili, na breki uziguse kwa vipindi. Ukibahatika siku moja kupata mzigo wa mboga Wundanyi, kwenye zile kona za kutoka Mwatate, utaona kwamba bila hivyo hutafika chini salama.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa feri, nikuongezee hili. Kwenye mwinuko wa kutokea kivukoni, usiizuie pikapu kwa kukanyaga mafuta kidogokidogo. Hilo huchemsha giaboksi ya otomatiki kama linavyounguza klachi ya manyuali. Izuie kwa breki. Ukiegesha kwenye mwinamo na mzigo, shika breki, tia N (nyutro), vuta handibreki, achia breki taratibu ili uzito uikalie handibreki, ndipo utie P. Wanaotia P kwanza huuacha uzito wote wa gari uning'inie kwenye kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi, na ile sauti ya "kwa!" unayoisikia gia ikitolewa ndiyo malalamiko yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, pikapu yangu ya otomatiki ilinizimikia Mazeras. Jamaa wa lori alijitolea kunivuta kwa kamba hadi Changamwe, fundi akanikataza kwa simu. Je, alikuwa ananitafutia gharama?

*Msomaji, Changamwe*

JIBU: Alikuwa anakuokoa. Kama tulivyomwambia ndugu wa Likoni, pampu ya mafuta huzungushwa na injini. Gari likivutwa injini imezimwa na magurudumu ya nyuma yakiwa chini, vyuma vya ndani vya giaboksi huzunguka vikiwa vikavu, na umbali wa Mazeras hadi Changamwe unatosha kuvisaga. Pikapu ya otomatiki hubebwa juu ya lori la kubebea magari, au huvutwa baada ya kufungua propela, ule mtaimbo unaoyazungusha magurudumu ya nyuma. Manyuali ingewekwa nyutro ikavutwa bila maneno mengi, na betri ikifa vijana wawili wangeisukuma ikawaka kwa gia ya pili. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, wakiwa wawili au ishirini. Anayeishi nayo na awe na waya za kuchotea moto kutoka betri nyingine, nyuma ya kiti, kila siku. Na kama kazi yako ni ya kwenda Kinango na kwingine ambako lori la kubebea magari halifiki hadi kesho yake, na gari unaendesha wewe peke yako, basi mimi ningebaki na manyuali.

SWALI: Nimefuzu udereva kwa gari la otomatiki. Mjomba anataka nimwendeshee pikapu yake ya manyuali, Mtwapa hadi soko la Kongowea. Leseni yangu yaruhusu?

*Kijana, Mtwapa*

JIBU: Tazama daraja iliyoandikwa kwenye leseni yako. B1 ni ya magari madogo ya otomatiki peke yake. Kwa manyuali wahitaji B2, nayo hupatikana kwa kufanya mtihani upya kwenye gari lenye klachi. Mjomba naye aelezwe kwamba ukipata ajali na leseni isiyofaa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, na pikapu ni yake.