Mwanangu, uliinukaje pale ubaoni?

Mikindani

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na za mama yako mdogo nimezipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Sisi wazima. Kusi limeanza, usiku tunajifunika.

Umeniuliza kama kucheza sataranji, hiyo mnayoiita chesi, kunapatana na mafundisho ya Buddha. Yule rafiki yako Msri Lanka wa hapo kazini, aliyekuwa akicheza nawe kila Ijumaa jioni, amekwambia ameacha kwa ajili ya dini yake, na wewe unashuku amechoka tu kushindwa.

Nianze na ya vitabuni, maana nakujua, hutatulia. Katika Brahmajala Sutta, mojawapo ya maandiko ya Wabuddha, kuna orodha ndefu ya michezo ambayo mtawa hujiepusha nayo, na ya mwanzo kabisa ni michezo ya ubao wa vyumba 8 kwa safu, na wa vyumba 10. Lakini sataranji yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Buddha aliishi yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, na sataranji tunaikuta India yapata karne ya 6 baada ya Kristo. Miaka 1,000 katikati. Tena orodha ile ni ya watawa. Mtu wa nyumbani, mwenye mke na kazi, ana ahadi 5: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asilewe. Kinachokemewa hata kwake ni kamari, na nyinyi hamkuwa mnaweka pesa. (Naamini hamkuwa mnaweka.) Hata kwetu wanazuoni hawakuafikiana: Imamu Shafii aliichukia sataranji bila kuiharamisha, wengine wakaiharamisha.

Kwa hiyo kwa maandishi, rafiki yako kama si mtawa hajakatazwa. Lakini nimewaambia tangu mko wadogo na nasema tena: mtu usimtazame alivyokaa mchezoni, mtazame anapoinuka.

Habari ya mjomba wangu mkubwa unaijua, ila unaijua kwa mdomo wa mama yako mdogo, naye hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa 1978, niko likizo, nina miaka 17. Barazani chini ya mwembe mwanamke hakai kwenye bao, lakini marehemu babu yako alikuwa amenifundisha uani, usiku, kwa taa ya chemli. Siku ile mpinzani wa mjomba hakutokea, na wageni kutoka Lindi walikuwa wanataka kuona mchezo. Babu yako akasema, "Cheza na mpwa wako." Watu wakacheka, mjomba naye akacheka, akanikaribisha.

Alinamua, yaani alitia kete zake ubaoni moja moja, haraka haraka, kama mtu anayemchezesha mtoto. Nyumba yake, lile shimo kuu la mchezaji, ilikuwa imeshiba, kete 11. Nikaila. Nikazigawa kete zile, nikala tena, nikazunguka, na mkono wangu ulipotua mstari wake wa mbele ulikuwa mtupu. Hamna, ndiyo kushindwa kwenyewe. Bado alikuwa na kete 3 kiganjani ambazo hajazinamua.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Nilinyoosha kiganja nikakipitisha juu ya mashimo yake 8, polepole, kutoka kichwa hadi kichwa, kama mtu anayefuta makombo mezani. Baraza zima likapiga kelele. Mjomba hakusema neno. Aliziweka kete zake 3 ndani ya nyumba yangu, moja, moja, moja. Akakung'uta kanzu, akaondoka.

Sisi Wamakonde unatujua: mjomba ndiye anayemtoa binti. Mwaka 1983, siku ya ndoa yangu, mkeka wake ulitandikwa na hakuna aliyeukalia. Alisimama mjomba mdogo. Mkubwa akaja kufariki hatujasemezana, na mimi nilikuwa nikimpita njiani kila nilipokwenda kisimani.

Najiambia kosa si kushinda, kosa ni kile kiganja. Halafu nageuka: hata bila kiganja, wangecheka, na yeye angeondoka. Halafu nageuka tena: yeye alikuwa mtu mzima, mimi mtoto, kwa nini asiniite? Na mimi nilipokuwa mtu mzima, kwa nini sikwenda?

Nilipostaafu ualimu nilikuta katika maandiko ya hao Wabuddha habari iliyonifanya nifunge kitabu nikatoka nje. Katika India ya kale, Ajatasattu, mfalme wa Magadha, alimshambulia Pasenadi, mfalme wa Kosala, kwa jeshi la matawi 4: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Matawi hayo 4 ndiyo yaliyoipa sataranji jina lake la kwanza, chaturanga. Pasenadi akashindwa. Buddha alipopewa habari alisema kwamba kushinda huzaa uadui, na aliyeshindwa hulala na uchungu. Anayelala raha ni yule aliyeviweka chini vyote viwili, kushinda na kushindwa. Nadhani hilo ndilo rafiki yako analolishika, wala si orodha ya michezo.

Lakini habari haikuishia hapo. Vita vya pili Pasenadi akashinda, akamkamata Ajatasattu mzima. Akawaza: huyu amenikosea, lakini ni mpwa wangu. Akachukua tembo, akachukua farasi, magari na askari, mwenyewe akamwachia aende zake. Mjomba na mpwa, mwanangu. Mjomba wangu hakuniachia, na mimi sikumwachia.

Unataka niseme ni sawa au si sawa. Ulimi unaniwasha, na hapo juu utaona wino ulivyochafuka, niliandika nikakata. Dini ni yake, mwache aisemee yeye. Mimi nataka unijibu hili, na usinifiche: Ijumaa ile ya mwisho, ulipomshinda, ulifanya nini? Uliinukaje?

Korosho nimezifunga mafungu mawili, nimempa kijana anayekuja huko keshokutwa. Fungu lenye uzi mwekundu ni la rafiki yako. Mpelekee mwenyewe nyumbani kwake, na ubao uuache.

Mama yako