Mzaha wa Waingereza: ushauri kwa wanaoanza kazi na masomo Uingereza

Ukifika Uingereza kwa kazi ya uuguzi, ulezi wa wazee au masomo, utapewa maelekezo ya kila namna: akaunti ya benki, namba ya bima ya taifa, kujiandikisha kwa daktari, koti la baridi. Kuhusu mzaha hakuna atakayekueleza, kwa sababu wenyeji hawaoni kama ni jambo la kufundishwa. Mimi naliona ni kubwa. Nimewaona wauguzi hodari, watu wa kwetu, wakikaa peke yao wakati wa chai kwa kuamini wenzao wanawadharau, kumbe ndivyo walivyokuwa wakikaribishwa. Nimeona na kinyume chake: mtu anadhalilishwa waziwazi, kisha anaambiwa acha hasira, tunatania tu. Kuyatenganisha mambo haya mawili ni ujuzi, na unaweza kujifunza.

Anza na hili. Mwingereza akikutana na jambo zito, hulipunguza uzito mdomoni. Tarehe 24 Juni 1982, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 iliingia usiku kwenye majivu ya volkano ya Galunggung, Indonesia, na injini zote nne zikazimika. Rubani Eric Moody aliwatangazia abiria kwamba kuna tatizo dogo, injini zote nne zimesimama, wafanyakazi wake wanajitahidi kuziwasha, na anatumaini abiria hawana dhiki kubwa. Injini ziliwaka tena, ndege ikatua Jakarta, na wote wakashuka hai. Waingereza wanalipenda tangazo lile mpaka leo. Lina mzaha, ndiyo, lakini mimi naona na huruma ndani yake: aliwaambia ukweli wote bila kuwaongezea hofu hata tone.

Lakini usemi huohuo ukimfikia asiyeujua, watu wanaweza kufa. Aprili 1951, katika vita vya Korea, kikosi cha Gloucestershire kilikuwa kimezingirwa kando ya mto Imjin na askari wa China waliowazidi mara nyingi kwa idadi. Inasimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie, alipoulizwa hali na jenerali Mmarekani aliyekuwa juu yake, alijibu kwamba mambo yamekaza kidogo. Mwingereza mwenzake angesikia: tunaangamia. Mmarekani alisikia kwamba wanamudu. Sehemu kubwa ya kikosi kile iliishia kuuawa au kutekwa.

Sasa iingize hiyo wodini. Mzee wa miaka themanini na kitu, mkono kwenye ubavu, unamuuliza anaendeleaje, anakujibu kwamba amewahi kuwa na siku nzuri zaidi ya leo. Anatabasamu kidogo. Ukiandika kwamba mgonjwa yuko sawa, umemkosea. Kizazi kile kililelewa kutolalamika, na mzaha ndio mlango pekee anaojiruhusu kuupitishia maumivu. Mjibu kwa upole, tabasamu naye, kisha muulize waziwazi: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako yamefika ngapi? Angalia anavyopumua, angalia anavyogeuka kitandani. Na wewe mwenyewe, unapokabidhi zamu au unapompigia daktari simu, usiige kabisa usemi huu wa kupunguza. Hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, hutumia mpangilio wa SBAR: hali ilivyo, historia ya mgonjwa, tathmini yako, na unachopendekeza kifanyike. Ufuate, taja vipimo kwa namba, na useme wazi kwamba una wasiwasi.

Ofisini na chuoni kanuni ni ileile, ila hasara ni ndogo. Msimamizi wa tasnifu akisema sura yako ya pili "inahitaji kuangaliwa kidogo", keti uiandike upya. Akisema kazi yako "si mbaya hata kidogo", furahi, amekusifu sana. Usipokuwa na hakika, muulize: unataka nibadilishe nini, na lini? Hakuna anayeudhika kwa swali la namna hiyo.

Kinachowachanganya wengi ni uso. Kwetu mtu anayetania huonekana: macho yanacheka, sauti inapanda, anakupiga bega. Mwingereza anaweza kusema mzaha wake kwa sauti ya msoma taarifa ya habari. Kwa hiyo acha kusubiri uso ubadilike. Linganisha anachosema na kile ambacho nyote wawili mnakiona. Mvua inamwagika, mmelowa, naye anasema siku imependeza. Basi limechelewa nusu saa, anasifia huduma ya usafiri. Maneno na ukweli vimepishana, na anajua kwamba unajua. Hataki ucheke kwa nguvu wala ujibu kwa werevu. Kuitikia tu kwamba naam, siku nzuri kweli, kunatosha, na mmeshakuwa pamoja upande mmoja.

Jambo la tatu ni kujishusha. Mtu anayejisifu Uingereza hupoteza marafiki haraka, na anayejicheka mwenyewe huaminiwa. Mhadhiri atakuambia anajua kidogo tu juu ya somo ambalo amelitumikia maisha yake yote. Jirani atakukaribisha chakula huku akiomba radhi kwamba yeye si mpishi. Usikubaliane nao! Nasisitiza hili, maana heshima yetu ya kumwitikia mwenye nyumba inaweza kutuponza hapa. Mwambie chakula kizuri, omba kuongezewa. Na ukiingia kwenye usaili wa kazi, weka tabia hii ya kujishusha nje ya mlango: pale wanaandika alama kwa ulichosema, na usipotaja uliyoyafanya, hayatahesabiwa.

Kwa nini wako hivi? Mimi jibu nimelipata zaidi kwenye vichekesho vyao vya televisheni, na ndiyo maana nawahimiza muvitazame, mkiwasha maandishi chini ya picha. Tazama Fawlty Towers ya BBC, vipindi 12 tu vilivyorushwa 1975 na 1979. Mwenye hoteli mjini Torquay anatamani kuonekana bwana mkubwa, anawanyenyekea wageni anaodhani wana hadhi na kuwafokea wengine, na kila anachofanya kuficha aibu kinaizidisha. Tazama Dad's Army, ya 1968 hadi 1977, juu ya walinzi wa kujitolea wakati wa Vita Kuu ya Pili: meneja wa benki ndiye kapteni, na karani wake ndiye sajenti, lakini karani ametoka ukoo wa juu zaidi, na kapteni hapati usingizi kwa hilo. Tazama The Office iliyoanza 2001, meneja wa kampuni ya karatasi huko Slough anayetaka kupendwa na kila mtu. Miaka ni tofauti, mtu ni mmoja: anayejiona mkubwa kuliko alivyo. Taifa lililogawanyika kwa matabaka muda mrefu, ambako lafudhi peke yake inaweza kumweleza msikilizaji ulizaliwa kwa nani na ukasoma wapi, limejifunza kumcheka anayejikweza. Ndiyo sababu kila mtu huwahi kujicheka yeye kabla hajachekwa.

Wanasiasa hawaachwi. Gazeti la Private Eye limekuwa likiwachambua tangu 1961, na Have I Got News for You inawacheka kwenye televisheni tangu 1990. Anayetoka mahali ambapo kumtania kiongozi kunaweza kumpeleka mtu polisi hushtuka mwanzoni. Sikiliza, cheka kama kinachekesha, ila chama cha kupigia kura usikitaje mpaka umewajua wenzako.

Watanzania wenzangu wana faida moja. Tumelelewa na utani: Mpare na Mchaga, Msukuma na Mzaramo, mtu anakuvamia hata msibani na hukasiriki kwa sababu ruhusa hiyo imerithiwa. Uingereza pia utani ni dalili ya ukaribu, lakini ruhusa hairithiwi, inajengwa. Huanza na vitu vidogo visivyo na jeraha: chai yako ina maziwa mengi mno, timu yako imefungwa, unavaa koti mwezi wa Juni. Wakianza kukutania kwa hayo, jua umeshaingia. Rudisha kwa kiasi kilekile, usipite. Mkubwa akijicheka mwenyewe, cheka naye, usimwongezee. Na Mskochi au Mwelshi usimwite Mwingereza, hata kwa mzaha, mpaka muwe marafiki wa kweli.

Sasa mpaka. Rangi yako, nchi yako, dini yako, lafudhi yako ya asili: mtu akivifanya chakula cha kicheko kazini, huna wajibu wa kuvumilia ili uonekane mchangamfu. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayotumika England, Wales na Scotland, inautambua unyanyasaji unaohusiana na rangi, dini, jinsia, ulemavu na mambo mengine kadhaa, na inatazama nia ya kitendo au athari yake. Maana yake aliyesema "ni utani tu" hajajinasua. Mahakama ya kazi huangalia ulivyojisikia, mazingira yalivyokuwa, na kama ni jambo la kueleweka kitendo kile kuwa na athari hiyo.

Mimi hupima kwa maswali haya. Je, anawatania hivyo wote, akiwemo yeye mwenyewe, au wewe tu? Analenga ulichofanya au ulivyozaliwa? Na ukimwambia kwa utulivu kwamba hilo hulipendi, anaacha? Rafiki huomba radhi na hutalisikia tena. Asiyeacha, andika tarehe, saa, maneno aliyotumia na waliokuwepo. Nenda kwa msimamizi, au kwa chama chako cha wafanyakazi. Wauguzi wengi wako katika vyama vya RCN au UNISON. Acas, shirika la umma la masuala ya kazi, hutoa ushauri wa bure kwa simu. Msingoje mpaka mchoke: muda wa kupeleka dai mahakama ya kazi ni mfupi, kwa kawaida miezi mitatu kasoro siku moja tangu tukio. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu wengi wetu hunyamaza tukihofia viza, na wanaotuonea wanajua hivyo.

Kwa kujifunza zaidi, washa Radio 4 ya BBC siku za kazi saa 12:30 jioni, ni saa ya vichekesho. Mtafute Njambi McGrath, mchekeshaji mzaliwa wa Kenya, umsikie anavyosimulia nyumbani na ugenini kwa kipimo cha huko huko. Tafuta pia Goodness Gracious Me, ya Waingereza wenye asili ya Asia, iliyoingia televisheni 1998: kuna kipande ambapo kundi la Wahindi wanakwenda kwenye mgahawa wa chakula cha Kiingereza na kumsumbua mhudumu vile vile Waingereza walevi wanavyosumbua kwenye mikahawa ya Kihindi. Hakuna tusi ndani yake, na kila aliyewahi kuudhika kwenye kaunta ataona haki imetendeka.

Desemba itakapofika, kazini watakualika kwenye chakula cha Krismasi. Mezani kutakuwa na vifurushi vya karatasi vinavyovutwa na watu wawili mpaka vipasuke. Ndani mna taji la karatasi, kitu kidogo cha kuchezea na kichekesho kilichoandikwa. Kichekesho hicho huwa kibovu kwa makusudi, ili meza nzima igune pamoja na asiwepo aliyeshindwa kuchekesha. Kikiwa zamu yako, kisome kwa sauti, taratibu, bila kukieleza.